Kiganja Mlangoni

Mgeni njoo, mwenyeji augue. Najua wahenga walisema apone, lakini wahenga hawakuwahi kubisha nyumbani kwa kina Miwani siku ya sikukuu. Mimi nilibisha, na kabla sijamaliza kuvua viatu nyumba nzima ilikuwa hoi.

Nianze na Miwani mwenyewe, maana bila yeye nisingeujua mlango ule. Anafanya kazi katika duka la miwani, chumba cha nyuma, anasaga vioo kutwa nzima ili wengine waone. Macho yake mwenyewe hayana kasoro, ila ana namna ya kukutazama kana kwamba umesimama mbali kidogo kuliko ulipo. Mimi ni fundi wa makochi. Alikuja karakanani kwangu amebeba kiti cha kuegemea kichwani kama mzigo wa kuni, kikuukuu, kitambaa kimechanika mpaka sponji inachungulia.

"Badilisha kitambaa," aliniambia. "Shimo usiliguse."

"Shimo lipi?"

Akaweka mkono kwenye kikalio, pale sponji ilipobonyea. "Hili. Mama hukaa hapa."

"Kaka, nikikurudishia kiti kimebonyea watu watasema sijui kazi."

"Waambie mteja ni mwendawazimu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Macho yake yalikuwa yametua nyuma ya bega langu, yametulia kabisa, kama ya mtu anayesubiri mwenzake amalize kuvaa. Nikageuka. Hapakuwa na mtu; palikuwa na ukuta na mikasi yangu imening'inia. Siku ile nilipenda, sifichi. Na siku ile ile nikaanza kuogopa.

Tulipendana. Nikizungumza naye kuhusu mahari, yeye ananijibu kuhusu Mama. Nikimwuliza tutaishi wapi, ananieleza Mama anavyopenda dirisha lenye jua la asubuhi. Na zaidi ya yote alinisimulia sikukuu za kwao.

"Kwetu siku hiyo hakuna anayeleta kitu," alisema. "Unatoka nje, hata kama ulikuwa ndani unamenya vitunguu. Unasimama kibarazani, unapiga mlango kwa kiganja. Siyo kwa kifundo cha kidole, ni kwa kiganja, ili aliye ndani asikie kwamba mkono ni mtupu. Mama anauliza, 'Umekuja na nini?' Unajibu, 'Nimekuja mwenyewe.' Anauliza, 'Na nini tena?' Hapo ndipo unatoa neno."

"Neno gani?"

"Jambo ulilolibeba mwaka mzima bila kumwambia mtu. Liwe la kweli. Likiwa la uongo mlango haufunguliwi. Kuna mwaka Dada Mkubwa alisimama nje mpaka chai ikapoa."

"Na baba yako naye anabisha?"

"Baba ni wa mwisho. Sote tukishaingia ndipo anatoka yeye. Mama anamwuliza kwa sauti ya chini, wanazungumza mlango ukiwa katikati yao. Hatujawahi kusikia wanachoambiana."

Alisema "anamwuliza". Alisema "wanazungumza". Mama alikuwa ameshazikwa siku nyingi, nami nilikuwa nimeiona picha ya kaburi lake kwenye simu ya mwanawe, lakini kinywani mwa Miwani yule mwanamke hakuwahi kuwa "alikuwa". Nilipaswa kuuliza. Sikuuliza. Mwanamke anayependa husikiliza wimbo, hakagui ala.

Sikukuu ilipokaribia akaniambia, "Njoo, wakuone."

"Nije na nini?"

"Nimeshakwambia. Mikono mitupu."

Basi nikaenda mikono mitupu, mchana kweupe, nimevaa gauni langu la rangi ya zambarau na moyo unanidunda kama cherehani. Pembeni ya mlango palikuwa na kengele ya umeme, mpya, nyeupe, haikufanana na kitu chochote kwenye nyumba ile. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Kutoka ndani nikasikia mtu analalamika kwamba umeme umekatika na redio imezima, na sauti nyingine ikisema, "Fungueni zawadi tu, tusikae kimya, fungueni."

Zawadi? Nikaitazama mikono yangu.

Ndipo nikaona ubao wa mlango. Usawa wa kifua palikuwa na doa jeusi, laini, linang'aa, mahali ambapo viganja vilikuwa vimepiga na kupiga mpaka rangi ikakata tamaa. Ukiwa fundi huwezi kuona mahali palipolainishwa na mkono wa mtu usitake kupagusa. Nikainua kiganja. Kikatua humo kama kimekatwa kwa kipimo chake.

Pa.

Ndani makaratasi yaliyokuwa yakichanwa yakanyamaza. Kilikuwa kimya cha watu waliosikia jina la mtu asiyetajwa. Halafu sauti ya mzee, karibu kabisa na mlango, ikauliza:

"Umekuja na nini?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Na nini tena?"

Nilikuwa nimeandaa neno tamu. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo: kwamba nampenda mwanawe tangu siku ya kiti. Lakini mkono wangu ulikuwa bado umelala kwenye lile doa, na lile doa lilikuwa la vuguvugu. Mtaniambia ni jua. Sawa, lilikuwa jua. Ila lile neno tamu halikutoka.

"Nimekuja na wivu," nikasema. "Namwonea wivu marehemu. Mwanao akinitazama anamwona yeye. Nimekuja kuona kama humu ndani kuna nafasi ya mwanamke mwingine, au nirudi zangu."

Mlango ukafunguliwa. Mzee mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka kooni, mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka bila sauti.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Hata mimi nilimwonea wivu, tena akiwa hai. Ingia."

Nikaingia, nikavua viatu, nikainua macho. Sebule ilikuwa imejaa maboksi. Maboksi mekundu, maboksi yenye utepe, saa, viatu, blenda, vitu vimepangwa mpaka juu ya meza ya chakula, sahani hazina pa kukaa. Kitinda, binti wa mwisho, alikuwa sakafuni na karatasi mkononi, mdomo wazi. Miwani alikuwa amesimama kando ya kile kiti nilichokishona mimi, amekishika mgongo kama kitakimbia. Na katikati alisimama mwanamke mrefu mwenye mkasi. Sikuhitaji kuambiwa. Huyo ndiye Dada Mkubwa.

"Nani kakufundisha kubisha hivyo?" akaniuliza.

"Kengele haikulia, wifi. Umeme hakuna."

"Wifi wa nani?"

"Dada jamani," Kitinda akasema, "wifi ni wifi hata kabla hujagonga muhuri."

"Wewe nyamaza, ufungue boksi lako."

"Nimeshafungua. Ni blenda. Mwaka jana pia ilikuwa blenda."

Baba hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa bado kando ya mlango, anaukuna ule mlango kwa kucha polepole, uso umemlainika. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyekumbushwa miadi, "Basi sasa ni zamu yangu." Akatoka nje. Akaurudisha mlango nyuma yake, taratibu, mpaka kitasa kikabana.

Mkasi wa Dada Mkubwa ukaanguka mezani.

"Umeona?" akaniambia, na sasa alikuwa ananong'ona, na mnong'ono wake ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Umeona ulichofanya? Unajua sikukuu ya kwanza baada ya msiba nini kilitokea hapa? Hakuna aliyekuwa na moyo wa kubisha. Tulikaa mezani, tukala, mradi siku ipite. Yeye akatoka nje. Akabisha. Anambishia marehemu! Mvua inanyesha, yeye amesimama kibarazani anangoja mkewe aliyemzika amwulize maswali. Tulipokwenda kumchukua alikuwa baridi kama chuma. Mapafu yakamshika. Nililala sakafuni hospitali, chini ya kitanda chake, nasikiliza anavyovuta pumzi. Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unashona makochi."

Akayaonyesha maboksi kwa kidevu.

"Ndiyo maana nikaweka kengele. Ndiyo maana nanunua haya matakataka, kila mtu awe na cha kushika, kelele ziwepo, asisikie anachokisikia. Unafikiri napenda blenda?"

Pa.

Kiganja cha Baba, kutoka nje. Kitinda akakumbatia magoti yake. Hakuna aliyesogea. Niliona macho yao yote yakienda kwenye kile kiti, kwenye lile shimo nililoambiwa nisiliguse, kana kwamba mwenye kazi ya kuuliza amekaa pale na amesahau tu.

Miwani akanijia, akanishika kiwiko, akanivuta kando ya pazia.

"Mwombe Dada samahani," akaninong'oneza. "Yaishe. Nitamwingiza Baba, tutakula, mengine tutazungumza."

"Samahani ya nini?"

"Ya kubisha."

"Wewe ndiye uliyenifundisha kubisha."

"Nilikuhadithia. Sikukuagiza."

Mniwie radhi wasomaji, lakini kuna sentensi mwanamume akiisema unasikia kitu kinakatika ndani, kama springi ya kochi, tak, na unajua kwamba kuanzia hapo kukaa hakutakuwa kukaa tena.

"Mwaka mzima," nikamwambia, "mwaka mzima umenilaza na kuniamsha kwa hadithi za nyumba ambayo haipo?"

"Ipo nikiisema."

"Na mimi nipo ukinisema, au nipo hata ukinyamaza?"

Akanitazama. Siyo nyuma ya bega, mimi. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na alikuwa mzuri, Mungu wangu, alikuwa mzuri kiasi cha kumfanya mtu aombe samahani hata kwa kosa la jirani. "Usiniache," akasema. "Sijui kuishi na watu walio hai. Nifundishe, lakini siyo leo."

Pa. Safari hii dhaifu zaidi. Kikafuatia kikohozi.

"Wewe binti," Dada Mkubwa akaniita. "Nisikilize. Nitakwenda kumleta baba yangu. Nikirudi, utasimama mbele ya kiti cha mama yetu, umwombe radhi kwa ule upuuzi wako wa wivu, na umwombe radhi Baba kwa kumrudishia maradhi. Ukikataa, mlango ni ule ule uliougonga. Na wewe," akamgeukia Miwani, "akitoka bila kuomba, hakuna mshenga atakayetoka nyumba hii. Baba hatakwenda, mimi sitakwenda. Utaoa peke yako kama yatima."

Miwani akaniachia kiwiko.

Dada Mkubwa akafika mlangoni, akashika kitasa. Nami nikasema, kwa sababu nilikuwa namsikia yule mzee anavyopumua upande wa pili wa mbao, "Usimfungulie, wifi. Mwulize."

"Nini?"

"Mwulize amekuja na nini."

"Anayebishiwa amekufa!"

"Anabisha mlangoni kwenu. Ndani mpo ninyi. Ningemwuliza mimi, ila mimi si wa humu, umeniambia mwenyewe. Wewe ni mwanawe. Mwulize."

"Siwezi."

"Dada," Kitinda akasema kutoka sakafuni, sauti imemvunjika, "mwulize basi. Anakohoa."

Dada Mkubwa alisimama pale, mkono kwenye kitasa, paji la uso limeegemea mbao. Mgongo wake ulikuwa unapanda na kushuka. Nilikuwa namwogopa tangu nilipomwona; sasa nilimwona alivyo, mtoto wa kwanza aliyebeba nyumba mgongoni na hakuna aliyewahi kumwambia tua. Tukasubiri. Kengele mpya ilikuwa kimya, redio kimya, maboksi kimya.

"Umekuja na nini?"

Haikuwa sauti yake. Naapa. Mimi sikumjua marehemu, lakini niliona Kitinda akijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, na Miwani akaegemea ukuta. Sauti ilitoka chini, pole, yenye mkwaruzo mdogo mwishoni, sauti ya mwanamke mtu mzima anayemwuliza mumewe. Dada Mkubwa mwenyewe alijishika koo. Hakujua kwamba anayo.



"Nimekuja mwenyewe," Baba akajibu.

"Na nini tena?"

"Nimekuja na jambo la ile sikukuu ya mvua." Alikuwa akiongea polepole, kama anayesoma maandishi madogo. "Mlifikiri nimerukwa na akili. Sikurukwa. Najua mama yenu amekufa. Udongo wa kwanza niliutupa mimi. Sikuwa nambishia yeye. Nilitoka kwa sababu wa mwisho ni mimi, na nilikuwa na neno. Nikabisha. Nikasubiri mmoja wenu aniulize. Nikasikia vijiko. Nikasikia mnanong'onezana, 'Mzee kachanganyikiwa.' Hakuna aliyeniuliza. Sasa, wanangu, mtu ataingiaje asipoulizwa? Nikakaa nje."

Dada Mkubwa alitoa sauti. Siwezi kuiandika ile sauti.

"Neno gani, Baba?" akauliza, na hapo ilikuwa sauti yake, ya mtoto.

"Kwamba naogopa kulala peke yangu. Basi. Hilo tu. Si neno kubwa. Ila mama yenu angeniuliza, ningemwambia mlangoni, nikiwa ndani nisingeweza. Baadaye mkanipa saa. Mwaka uliofuata mkanipa saa nyingine. Mtu mwenye usiku mrefu mnampa saa."

Mlango ukafunguliwa. Sitawaeleza walivyoshikana pale kibarazani, baba na binti yake, kwa sababu nililazimika kutazama pembeni. Kitinda alikwenda akawabana kwa nyuma. Miwani alibaki ukutani. Nilimwona anatamani kwenda, miguu inakataa. Niliona pia kwamba ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtu mmoja zaidi ya tuliokuwepo, na hakuwa na haraka ya kuondoka. Sikumwonea wivu tena. Nilimwogopa tu, kwa adabu, kama unavyomwogopa mama mkwe.

Wakaingia. Baba akaketi mezani, akasukuma boksi moja kwa kiwiko apate pa kuweka mkono. Boksi likaanguka, kitu ndani yake kikavunjika, hakuna aliyeuliza ni nini. Kitinda akaanza kuhamisha mengine sakafuni, akipanga sahani mahali pake. Mambo yangeweza kuishia hapo. Ningeweza kupewa kiti, nikala, nikaitwa wifi.

Lakini Dada Mkubwa alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, akavuta pumzi, na nikaona anavyorudi kwenye urefu wake, pingili kwa pingili.

"Hata hivyo," akasema.

"Dada!" Kitinda akalalama.

"Hata hivyo. Baba amesema yake, nami nitajibu kwa Mungu. Lakini wewe uligonga mlango wetu bila kibali, na ukatamka wivu juu ya mama yetu kabla hujakanyaga sakafu yake. Hilo halijafutika. Katika nyumba hii mtu akikosa anaomba radhi. Omba, kisha ukae tule."

Baba alikuwa ananitazama kwa makini, kichwa kimeinama upande mmoja, kama mtu anayesikiliza mlango.

"Neno moja tu, mpenzi," Miwani akasema kutoka ukutani. "Moja. Kwa ajili yangu."

Neno moja. Nilijua uzito wake. Nikilitoa, ningempata: harusi, mshenga, dirisha lenye jua la asubuhi. Ningempata pamoja na kengele ya umeme ya dada yake. Nisipolitoa, huenda ningeondoka na gauni langu la zambarau na kulia njia nzima mpaka karakanani. Nilimtazama yule mwanamume niliyempenda, nikaona kwamba nampenda bado, nikaona pia kwamba mapenzi hayo hayangenipa neno la uongo hata nikiyakamua.

"Nilichokisema pale nje kilikuwa kweli," nikamwambia Dada Mkubwa. "Nilikisema kama mnavyotaka kisemwe, nikafunguliwa. Siombi radhi, wifi. Si kwako, si kwa mama yenu. Kesho ukiniuliza tena, sitaomba."